Jipu na Mwongozaji Visiwani: Lini Ulipe, Lini Ufumue Kifurushi

Ukishuka boti Unguja, au ukipita kaunta ya mapokezi ya hoteli yoyote ya pwani ya mashariki, utaonyeshwa picha ya jipu la wazi, vijana wamesimama kiti cha nyuma, minazi pande zote mbili. Chini yake kuna bei kwa kichwa na ahadi ya kuzunguka kisiwa kwa siku moja: msitu, viungo, pango, ufukwe na chakula cha mchana. Je, siku hiyo inastahili sehemu kubwa ya bajeti ya likizo yako?

Wengine hujibu kwamba ziara kama hizo ni za wazungu, wengine kwamba ukiwa likizo usihesabu. Majibu yote mawili yanampotosha msafiri anayezungumza Kiswahili, maana kifurushi hicho kimepangiwa bei kwa mtu asiyeweza kuuliza njia, asiyejua daladala inasimama wapi, na asiyemwelewa mkulima wa karafuu bila mkalimani. Wewe unayaweza hayo yote, kwa hiyo lipia yale tu usiyoweza kujifanyia. Unguja yapo machache, Pemba ni mengi zaidi, na Mafia yako baharini zaidi kuliko nchi kavu.

Ndani ya kifurushi mna nini

Ziara ya jipu ina vitu saba vilivyofungwa pamoja: gari, mafuta, dereva, mwongozaji, viingilio, chakula, na faida ya muuzaji pamoja na kamisheni ya hoteli au kijana aliyekupeleka kwake. Karibu vyote vinanunulika kimoja kimoja.

Chukua Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, kilomita kama 35 kusini mashariki ya mjini. Kila ziara ya jipu inaitaja, kwa sababu ndiko anakopatikana kima punju, asiyeishi popote duniani ila Zanzibar. Lakini pale Jozani mgeni hupewa mwongozaji wa hifadhi, anayeijua miti kwa majina na makundi ya kima kwa maskani yao. Yule aliyekuja na jipu aghalabu hubaki nje akikusubiri, nawe unakuwa umelipia waongozaji wawili na kumsikiliza mmoja.

Ndivyo ilivyo hata kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Anayekukatia kijiti cha mdalasini na kukupasulia kungumanga ni mtu wa shamba. Ukifika mwenyewe na kuzungumza naye kwa lugha yenu nyote wawili, atakueleza mengi kuliko atakayomweleza mgeni anayetafsiriwa: dawa ya tumbo la mtoto, kipi huingia kwenye pilau ya harusi, kwa nini mwaka huu mikarafuu haikubeba.

Je, barabara inadai jipu?

Kwa Unguja, kwa sehemu kubwa, haidai. Lami inafika Nungwi, Kiwengwa, Matemwe, Paje, Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kilomita kama 60, na Paje ni karibu 50. Gari dogo la kawaida linatosha. Gari la juu linasaidia kwenye vichochoro vya mawe ya matumbawe kuelekea nyumba za wageni za pwani ya mashariki, na kwenye njia za mashamba wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo unapokuwa telezi.

Jipu la wazi lina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kipeperushi. Jua la saa sita halina kizuizi, vumbi huingia puani, na mvua ya vuli haipigi hodi. Ukisafiri na bibi mwenye shinikizo la damu, au mtoto anayehitaji kiti chake chenye mkanda, jipu la namna hiyo linakutoza zaidi na kukupa raha kidogo.

Njia nne na hesabu zake

Bei hubadilika kwa msimu na kwa ustadi wa kupatana. Tarakimu zinazofuata ni za mfano wa kukokotolea: ondoa zangu, weka ulizotajiwa wewe, mpangilio ubaki.

Tuseme ziara ya jipu ni shilingi 180,000 kwa kichwa, kila kitu ndani. Gari dogo la kukodi ni 120,000 kwa siku, na mafuta lita 15 kwa shilingi 3,000 ni 45,000. Gari na dereva wake kwa siku nzima, mafuta juu yake, ni 200,000, na bakhshishi yake 20,000. Kiingilio cha hifadhi ni 10,000 kwa mtu, ziara ya shamba la viungo 15,000, chakula cha mchana kwenye mkahawa wa kawaida 20,000. Yaani, nje ya kifurushi, kila mtu anabeba 45,000 zake, gari liwe la nani.

Msafiri wa peke yake: jipu 180,000, kukodi na kuendesha 210,000, gari na dereva 265,000. Hapa kifurushi ndicho nafuu, na mpweke anapata na wenzake wa kuzungumza nao.

Watu wawili: jipu 360,000; kukodi 255,000; gari na dereva 310,000. Kifurushi kimeshapitwa.

Familia ya wanne: jipu 720,000, kukodi 345,000, gari na dereva 400,000. Tofauti ya 320,000 kati ya jipu na gari la dereva inaweza kulipia usiku mwingine wa malazi ya kawaida.

Gari hugawanywa kwa idadi ya abiria, bei ya kichwa huzidishwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: “Gari zima ni bei gani?” Wako wanaokubali. Ukipewa jipu zima la familia ya wanne, viingilio na chakula ndani, kwa 450,000, umezidisha 50,000 tu juu ya gari la dereva, sawa na 12,500 kwa kila mtu. Kwa bei hiyo, mwongozaji mzuri ni halali yake.

Njia ya nne ni daladala. Namba 116 inakwenda Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Zile za 309 na 310 hupita mbele ya lango la Jozani. Nauli ni sehemu ndogo sana ya bei ya teksi. Unalipa kwa muda, kwa kubanana na magunia, na kwa kutoweza kuunganisha sehemu tatu katika siku moja. Jambo la kuchunga ni kurudi, maana jioni magari ya kuelekea mjini hupungua mapema kuliko mgeni anavyodhani. Kabla hujashuka, muulize kondakta gari la mwisho hupita saa ngapi, kisha panga kupanda lile linalolitangulia.

Ukishika usukani mwenyewe

Mtanzania, Mkenya au Mganda hatapata tabu ya upande, kwani Zanzibar gari hukaa kushoto. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi, Oman au nchi za Ghuba ameshazoea kulia, na kosa lake hutokea kwenye mzunguko wa barabara au anapotoka kituo cha mafuta akiwa hana gari lingine la kufuata. Kama ndiye wewe, nunua siku moja ya dereva kwanza, ukae mbele utazame.

Mgeni wa nje hutakiwa kuwa na kibali cha kuendesha gari Zanzibar, na wakodishaji wengi humtafutia. Usiwashe gari kabla karatasi hiyo haijafika mkononi mwako, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi na askari ataiomba. Matuta hujaa kila kijiji, baiskeli hazina taa, na magari ya ng'ombe hurudi nyumbani magharibi. Panga kufika kabla ya giza.

Kabla ya kuchukua gari, lipige picha pande zote pamoja na matairi na kioo, mwenye gari akiwapo. Muulize, na akuandikie, ni kiasi gani utalipa mwenyewe gari likigongwa kabla bima haijaanza kulipa. Gari linalokodishwa kwa bei rahisi sana huweza kuwa na kiasi hicho kikubwa mno, na urahisi huo unageuka ghali siku ya ajali.

Vespa na pikipiki ni nafuu zaidi, lakini mchanga juu ya lami huangusha hata waliozoea. Kama mtu hajawahi kuendesha pikipiki kwao, likizo si mahali pa kujifunza.

Mwongozaji anapostahili fedha yake

Nimesema mengi ya kukuokolea pesa, sasa niwatetee waongozaji, maana aliye bora haoni kazi yake ikithaminiwa ipasavyo.

Mwongozaji bora huanza kupanga siku yako kwa kutazama maji. Pwani ya mashariki, kutoka Matemwe hadi Jambiani, wakati wa bamvua bahari hurudi mbali sana, ukabaki na mchanga, mwani na vidimbwi. Anayekupeleka Paje kuogelea saa ambayo maji yametoka amekunyang'anya ufukwe uliolipia. Anayejua kazi atakuonyesha wanawake wakifunga mwani maji yakiwa chini, kisha akupeleke kuogelea yanapojaa, au akuhamishie Nungwi na Kendwa ambako maji hayatoki mbali vile. Muuliza njia makini anaweza kuyapata haya kwa wavuvi, ila siku yako ikiwa moja, kosa la saa tatu limekwisha kuila.

Pili, kuna mahali ambapo mawe hayasemi yenyewe. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa Uislamu ulioandikwa katika pwani yetu. Ni msikiti unaosaliwa. Kuingia kwake kunataka ruhusa, mavazi ya heshima na mtu anayefahamiana na wazee wa hapo. Mabafu ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, nayo ni vyumba vitupu mpaka atokee wa kukueleza nani alioga pale na kwa nini kuta zimechorwa ndege na maua. Mangapwani, kwenye chumba kilichochimbwa chini ya ardhi ambamo watu walifichwa wakisubiri kuuzwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku, mtoto wa miaka kumi anahitaji mtu mzima anayejua kusimulia bila kuficha na bila kumtisha.

Tatu ni adabu. Mwongozaji mzuri hukuingiza kijijini kama mgeni wa mtu. Atakwambia lini usipige picha, atamsalimu mzee kwanza, hatakubali watoto watupiwe peremende kutoka garini. Atakataa pia kupitisha jipu juu ya mchanga wa ufukweni, ambako kasa hutaga na magurudumu huponda mayai. Na Kizimkazi, boti zinapowafukuza pomboo kundi zima, yeye atamwambia nahodha apunguze mwendo au arudi. Mtu wa namna hiyo mlipe bila kusitasita.

Pemba na Mafia: hesabu inabadilika

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Daladala zinaunganisha Chake Chake na Mkoani, Wete na Konde, lakini mazuri mengi yako mbele ya kituo cha mwisho. Ukishuka Konde bado hujaufikia Msitu wa Ngezi, wala ufukwe wa Vumawimbi, wala mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliojengwa mwaka 1900 kwenye ncha ya kaskazini. Njia kwenda kwenye magofu ya Ras Mkumbuu si ya gari la chini. Watalii ni wachache, vibao ni vichache, na gari la kukodi halipatikani kila kona. Hapa gari la juu lenye dereva mwenyeji linakupa kitu ambacho Kiswahili chako peke yake hakikupi. Kama bajeti yako ina ziara moja tu ya jipu kwa safari nzima ya visiwani, ipeleke Pemba. Omba ipite mashambani wakati wa mavuno ya karafuu, na ikawie Ngezi hadi jua lishuke, popo wa Pemba, ambao hawapatikani penginepo, waanze kuruka.

Mafia ni tofauti tena. Kutoka Kilindoni, uwanja wa ndege ulipo, hadi Utende kuna lami, na bajaji inakufikisha. Kaskazini, kuelekea Kanga na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, ni mwendo mrefu, na gari la juu linafaa hasa baada ya mvua. Lakini hazina ya Mafia iko majini. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 kulinda matumbawe, na papa potwe huja karibu na Kilindoni kuanzia takriban Oktoba hadi Februari. Mwenye fedha ya ziara moja Mafia aiweke kwenye boti, na jipu lingoje safari nyingine.

Msimu na saa

Julai na Agosti, na wiki za mwisho za Desemba, bei hupanda na misafara ya magari huwa mirefu. Vumbi la jipu la mbele linakuwa chakula cha jipu la nyuma. Wakati huo gari lako mwenyewe, likiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, litakufikisha Jozani kabla ya makundi. Masika, wauzaji hupunguza bei, lakini jipu la wazi huwa halina maana.

Mwezi wa Ramadhani panga siku fupi. Mikahawa mingi ya nje ya hoteli hufungwa mchana, kwa hiyo uliza chakula cha kifurushi kitaliwa wapi. Dereva amefunga tangu alfajiri, na ni haki yake kuwa nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Ziara inayoishia saa tisa na nusu ni ya salama kwenu nyote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

- Bei ni ya kichwa au ya gari zima? Tukiongezeka, inashuka?
- Viingilio vimehesabiwa vya mkaazi au vya mgeni wa nje? Mtanzania abebe kitambulisho chake cha taifa na adai tofauti ipunguzwe. Ukiwa umelipishwa kiwango cha mgeni huku getini umelipiwa cha mkaazi, nyongeza hiyo imebaki mfukoni mwa muuzaji.
- Dereva na mwongozaji ni mtu mmoja au wawili? Mwongozaji ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar? Mwombe akuonyeshe, mwenye nacho hukitoa kwa fahari.
- Magari mangapi yatafuatana, na kila moja litabeba wangapi?
- Kuna mkanda kwa kila kiti, na paa la kufunika mvua ikija?
- Katika saa nane za ziara, ngapi ni za barabarani na ngapi za kutembea na kutazama? Ziara yenye vituo saba kwa siku hukupa picha saba na mazungumzo sifuri.
- Mvua ikinyesha au gari likiharibika, fedha inarudi au siku inabadilishwa?
- Tutafika Paje au Jambiani maji yakiwa wapi? Asiyejua kulijibu hili hakufai.

Mwenye majibu haya utampata ofisini, au kwa mwenye nyumba ya wageni unayemwamini. Papasi, yule kijana anayewinda wageni bandarini, atakujibu ndiyo kwa kila kitu. Toa kishika nafasi kidogo, chukua risiti yenye jina la kampuni, malizia mwisho wa siku.

Nani achukue nini

Msafiri wa peke yake Unguja achukue kiti kwenye ziara ya pamoja, siku ya kwanza au ya pili, ili maarifa ya siku hiyo yamsaidie siku zinazobaki. Wawili wenye nguvu wakodi gari dogo, au wapande daladala na kutenga siku moja ya mwongozaji wa kwenda Mangapwani na Kizimkazi. Familia ichukue gari lililofungwa lenye dereva, iwalipe waongozaji wa mahali palepale wanapofika. Wenye wazee wafanye hivyo hivyo, na wapunguze vituo viwe viwili. Aliyekuja mara ya pili aiache Unguja, apeleke fedha ya jipu Pemba.

Kuna sababu moja zaidi ya kufumua kifurushi, nayo kwangu ni nzito kuliko akiba. Fedha inayolipwa kwenye kaunta ya hoteli hukatwa kamisheni kabla haijafika kwa anayefanya kazi. Inayolipwa getini Jozani, ambako sehemu ya mapato huenda kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, inayolipwa kwa mtu wa shamba la viungo, kwa dereva mwenye gari lake na kwa mama anayepika samaki wa kupaka Makunduchi, inafika moja kwa moja. Ukiwa unaweza kuongea nao wote kwa lugha yao, una uwezo ambao watalii wengi hawana: kuamua mwenyewe nani apate shilingi yako, na kujua kwamba ameipata.